Pindo la Akiba

Nimekata suti za maharusi wa Chumbageni,
nimeshona sare za shule, baibui za eda,
na sanda, ambayo haipimwi, hukisiwa.
Lakini hakuna aliyewahi kuniambia, hadi siku ile:
"Fundi, nishonee watu ambao hawajazaliwa."

Ivonete jina lake. Katoka Bahia,
ng'ambo ya bahari ambayo si hii yetu.
Kaja na kamera, na Sechambo wa kumfasiria,
kaketi kwenye benchi langu, Barabara ya Nane.
"Ni sinema. Mwaka elfu mbili mia tatu na kumi.
Weusi wanarejea kutoka kwenye nyota
na bandari wanayotia nanga ni Tanga."

Nikacheka. Nikamwambia Sechambo, mwulize:
huko nyotani kuna joto au kuna baridi?
Maana kitambaa hakiulizi mwaka,
kinauliza hali ya hewa.

Kisha mkono ukavuta futi shingoni, kwa mazoea.
Mabega inchi ngapi? Kiuno je?
Nampimaje mtu
ambaye bibi wa bibi yake bado hajaposwa?

Akanionyesha michoro. Mavazi ya katani
iliyosukwa, ikapakwa rangi ya fedha;
kofia za buyu, na taa ndani yake.
Hapo nikaona si mgeni mtupu huyu.
Ila kifuani, kwenye kila vazi, namba.
Mia nane na nne. Elfu moja na tisa.

Nikaweka mkasi chini.

Sechambo, mfasirie taratibu.
Babu yangu mzaa baba alitoka Makete kwa lori,
akashushwa shamba la mkonge, Ngomeni,
na jina lake, Lutengano, likabaki kwenye lori.
Wakampa kibati. Mia saba na kumi na mbili.
Kwa kibati alilipwa, kwa kibati alikatwa,
kwa kibati aliitwa siku mwiba wa mkonge ulipomtoboa jicho.
Manamba, ndivyo walivyoitwa.
Sasa wewe unawapeleka wajukuu zangu juu ya mwezi,
na kibati wanakwenda nacho?

Ilichukua muda kufasiri.
Ivonete akafungua simu, akanisogezea picha:
ukurasa wa daftari la meli, wino rangi ya chai,
mstari mmoja. Mwanamke. Miaka kumi na tisa.
Kovu begani. Namba.
"Huyu ndiye tunayeanzia kuhesabu ukoo," akasema.
"Nyuma yake ni maji."
Kisha: "Niliweka namba ili watu waone uchungu."

Uchungu tunao, nikamjibu. Nguo ni ya kesho.

Jirani alikuwa anakaanga mihogo,
mafuta yakasema peke yao kitambo kizima.

Basi nikatarizi majina, uzi mwekundu.
Lutengano kwenye vazi la rubani.
Nahodha ni yule wa daftari,
na jina lake hatukuwa nalo, wala hatukulibuni:
tuliacha mraba mtupu kifuani,
nikauzungushia mshono mara mbili
kama mlango uliorudishwa, haukufungwa.

Walipiga picha kwenye kiwanda cha katani kilichokufa,
mashine kongwe ikawa chombo cha anga.
Ilipooneshwa, ukutani kwa ghala, watu wakapiga kelele:
"Si Mwanatumu huyo, muuza visheti?"
Ndiye. Anatembea katikati ya nyota,
vilevile anavyotembea sokoni, bega moja juu,
na hakuna aliyemdai ushuru.

Ivonete aliniuliza siku ya kuagana
kwa nini mikono yote nimeikunja kwa ndani,
kitambaa kizuri kimefichwa bure.
Nikamwambia, muulize mama yeyote wa Ngamiani
anayeleta sare ya mtoto mwezi wa kwanza.
Mtoto hakui kwa kipimo cha fundi.
Unaacha pindo, mwakani linafumuliwa.

Sijui hao watu wako watakuwa warefu kiasi gani.
Nimeacha inchi tatu.